Nilivyompeleka Baba Kuposa kwa Gari Linalozimazima

Mliniona nikiingia mtaani kwetu Pasiansi peke yangu, kiti cha kushoto cha gari kikiwa kitupu, na kesho yake mkaanza kubisha hodi kwa sauti za chini. Mama Rehema alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni, tayari kuingia jikoni kwangu kama watu wafanyavyo kwenye msiba. Baba ni mzima, jamani. Tangu hapo nimewasimulia vipande vipande. Huyu nimempa habari za ng'ombe, yule habari za kivuko, na sasa vipande hivyo vimekutana mtaani na kuzaa mambo ambayo hata mimi siyajui. Basi nimekaa chini niandike yote, tangu tulipoondoka.

Mnakumbuka Baba alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Msichojua ni kwamba hospitalini alikaa benchi moja na mama mmoja wa Ukerewe, naye amefungwa jicho moja na lile la pili likiwa na ukungu kama la Baba. Watu wawili wasioona vizuri, bega kwa bega, hawana la kufanya ila kuongea. Aliitwa Veronika, lakini watu wa kwao humwita Mama Deusi, kwa jina la mwanawe. Alikuwa mjane. Baba naye alikuwa na miaka kadhaa tangu tumzike Mama. Deusi akaja kumchukua mama yake kabla Baba hajafunguliwa bandeji. Kwa hiyo Baba aliondoka pale na namba ya simu ya mwanamke ambaye hajawahi kumwona sura.

Baada ya hapo nikawa nasikia Baba akicheka chumbani. Mimi nashona kwa cherehani yangu sebuleni, yeye huko ndani anacheka peke yake na simu. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu Mama afariki. Asubuhi moja akatoka, akasimama mbele ya cherehani, amevaa shati la kwendea kanisani.

"Mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Nataka kwenda kuposa."

Nilisimamisha cherehani. Niliuliza, "Kwa nani?" ilhali najua.

## Pasiansi hadi Igoma

Wengi mmeniuliza kwa nini hatukupanda meli ya mjini moja kwa moja hadi Nansio, bandari ya Ukerewe. Kwanza, Baba anaogopa maji. Amezaliwa na kukua mahali pa kuangalia ziwa, na hajawahi kulipenda. Kwa barabara tungezunguka Bunda na kuvuka kwa kivuko pale Kisorya tu, ambapo alisema anaweza kufumba macho mpaka tufike. Pili, alikuwa amemwambia Mama Deusi kwamba atakwenda kumchukua na gari. Ahadi kwa Baba haina mlango wa nyuma.

Gari mnalijua: lile la rangi ya maziwa, la zamani, la kabureta, lenye choki ya kuvuta kwa mkono. Likiwa mwendoni halina neno. Tatizo lake ni likisimama. Mafundi wanaiita sailensi, yaani pale injini inapotakiwa kunguruma yenyewe taratibu bila wewe kukanyaga mafuta. Gari letu lilikuwa limeisahau kazi hiyo. Ukiondoa mguu tu, linatetemeka mara mbili tatu kama mtu anayetaka kupiga chafya, halafu kimya.

Tulilipeleka kwa fundi mmoja Nyakato. Alifungua kabureta, akaiosha kwa petroli, akapuliza vitundu vyake vyote, akairudisha, kisha akakaza skrubu ya sailensi mpaka injini ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga. Akasema limepona. Baba akampa mkono na shukrani, na sisi tukaondoka asubuhi ile ile, michembe ya viazi vitamu vikavu na karanga za kuchemsha kwenye kikapu, na boksi la viatu vipya vya Baba mapajani mwake. Alikataa boksi lile kuwekwa nyuma.

Tulipofika Igoma, askari wa barabarani, dada mmoja mrefu, akainua mkono. Nikapunguza mwendo. Nikasimama. Gari likazima.

"Sijakwambia uzime," akasema yule dada.

"Sijazima mimi, afande. Limezima lenyewe."

"Washa basi."

Nikawasha. Likawaka, nikakanyaga mafuta lisizime, likapiga kelele mtaa mzima ukageuka.

"Mbona unanipigia makelele? Punguza."

Nikapunguza. Likazima.

Akaniangalia, kisha akainama kumwangalia Baba, ambaye alikuwa amekumbatia boksi lake. "Shikamoo mzee. Mnakwenda wapi na gari hili?"

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda kuoa," akasema Baba.

Sijui alidhani amesikia vibaya au aliona mzee ana mambo yake. Alirudi nyuma hatua, akawaita waendesha bodaboda wawili waliokuwa wakisubiri abiria, na wao wakatusukuma mpaka likawaka. Alipotuaga alisema, "Mzee, ukifika usilizime kabla hujakubaliwa."

## Igoma hadi Magu

Kuanzia hapo Baba alinifundisha kuendesha upya. Kisigino kwenye breki, vidole kwenye mafuta, kwa wakati mmoja, mguu umekaa mshazari kama wa bata. Alikuwa ameendesha gari lile maisha yake yote ya kazi, na daktari alikuwa amemkataza usukani kwa muda, basi ikabidi aendeshe kwa mdomo.

"Sasa ongeza. Ongeza kidogo. Usimwachie. Mbembeleze, mayu, mbembeleze."

"Baba, nambembeleza."

"Unamkaripia."

Tulipita Kisesa vizuri. Tulipovuka daraja la Simiyu tukakuta ng'ombe wanavuka barabara, wengi, bila haraka, na mchungaji wao amevaa koti zito kwenye jua lile. Nilisimama kwa ule mguu wa bata. Nilivumilia mpaka ng'ombe wa katikati, kisha misuli ikakaza, mguu ukateleza, tukazima tukiwa tumezungukwa.

Ng'ombe mmoja mwenye pembe pana alisimama dirishani kwa Baba na kuanza kunusa boksi la viatu. Baba akamzungumzisha kwa Kisukuma, kwa adabu kabisa. Yule mchungaji akaja. Walianza kusalimiana, na mnajua salamu za Wasukuma: habari za kwenu, za watoto, za mvua, za ng'ombe, za malisho, za huko mtokako. Lori nyuma yetu lilipiga honi. Hakuna aliyeligeukia. Mwisho yule mchungaji akauliza tunakokwenda, na Baba akamwambia ukweli wote, mpaka habari ya kutomwona mwanamke mwenyewe.

Mchungaji akafikiri. "Sauti yake ni nzuri?"

"Nzuri."

"Anacheka?"

"Anacheka sana."

"Basi nenda," akasema, akaweka fimbo yake begani na kutusukuma kwa bega lingine, yeye na dereva wa lori aliyekuwa ameshachoka kupiga honi.

Tukaendelea na safari. Baba akaniuliza kama nimechoka, nikasema hapana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemsikia akimweleza mchungaji mambo ambayo mimi hakuwa ameniambia: kwamba usiku nyumba yetu ni kimya sana, kwamba akiamka huwa anasikiliza kama mimi napumua. Nilidhani mimi ndiye ninayemsikiliza yeye.

## Lamadi

Lamadi tulikula. Mama mmoja ana mgahawa wa mabati karibu na barabara, anakaanga sato wazima wazima mpaka mkia unakuwa kama biskuti. Niliegesha kwenye mteremko mdogo ili tusihangaike kusukuma tena. Fundi wa jirani alikuja bila kuitwa, akasema plagi zimechoka, akazitoa, akazisugua na kuzirudisha. Wa pili akasema hapana, ni chujio la petroli, akalibadilisha. Kila mmoja alikuwa na hakika, na baada ya kila mmoja gari liliwaka vizuri, likanguruma kwa heshima, tukashangilia, likazima.

Yule mama alimwona Baba anavyofuta viatu vipya kwa leso, akaviweka tena boksini, akauliza tuna sherehe gani.

"Tunakwenda kwenye posa Ukerewe," nikasema.

Akaniangalia kuanzia kichwani. Nywele zangu zilikuwa zimejaa vumbi. "Wewe unaposwa leo ukiwa hivi? Hawa watu wa mjini! Njoo huku."

Kabla sijajibu alishanikalisha kwenye ndoo, ananifuta uso kwa kitambaa cha maji, huku akinipa mawaidha. Usimjibu mume akiwa na njaa. Usipeleke mambo ya chumbani kwa dada zako. Ugomvi ukiisha uishe. Aliongea kwa upole sana, na mikono yake ilinuka vitunguu, na mimi, mwanamke mzima niliyeachika zamani, nikajikuta nimetulia pale kwenye ndoo nikisikiliza. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kunifuta uso.

"Na bwana harusi yuko huko huko?" akauliza.

"Bwana harusi ni yule," nikasema, nikimwonyesha Baba.

Mkono wake ukasimama shavuni mwangu. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, na kwa jinsi uso wake ulivyobadilika nikajua amefikiri vibaya mno. Nikamweleza haraka. Ndipo akapiga kigelegele. Waliokuwa wanakula wakainuka, wanawake wa magenge ya jirani wakaitikia, na Baba akasimama na kinywa kimejaa samaki akipunga mkono kama mbunge. Yule mama alitufungia sato wawili kwenye gazeti. "Huyu wa bibi harusi," akasema, "na huyu wa njiani. Msikosee."

## Bunda hadi Kisorya

Tulilala Bunda, na asubuhi tukachukua barabara ya Kisorya. Hapo ndipo niligundua jambo. Injini ilikuwa ya baridi, nikavuta choki kuwasha, kisha nikasahau kuirudisha. Tulisimama kupisha mbuzi na gari halikuzima. Nikairudisha choki, likaanza kutetemeka. Nikaivuta tena kidogo, likatulia.

"Baba, ona! Nikivuta choki linakaa."

"Litakunywa mafuta yote," akasema. Lakini alikuwa anatabasamu. "Aliyekwambia nani?"

"Hakuna. Nimeona."

Alinipiga kofi dogo la goti, kama alivyokuwa akifanya nilipoleta ripoti nzuri ya shule. Tuliendelea hivyo, nikifika mahali pa kusimama navuta choki, nikiondoka naisukuma. Halikuwa limepona, ila tulikuwa tumeelewana nalo.

Upande wa Kibara Baba alianza kuhangaika. Alifungua boksi, akavaa viatu, akavivua. Aliniuliza kama sharubu zake ziko sawa. Nikasema ziko sawa.

"Mayu, na kama nikimwona nisimpende?"

Niliangalia barabara. "Na yeye je, akikuona?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikaa nalo mpaka Kisorya.

## Kuvuka

Kwenye kivuko gari linashuka mteremko wa kuingilia, kisha mtu anakuelekeza kwa mikono usimame sentimita chache nyuma ya gari la mbele. Niliingia na choki imevutwa, na tukasimama vizuri. Baba alikuwa ameshafumba macho, mkono mmoja ameshika mpini wa mlango.

Nilitaka kumwambia maji yametulia, lakini hakunipa nafasi. Aliniomba nimwimbie. Nilimwimbia wimbo wa kulea aliokuwa akituimbia Mama, nikiwa na aibu kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na abiria waliosimama nje wanasikia. Bibi mmoja mwenye kuku alisogea akaegemea gari letu na kuitikia, ingawa maneno hakuyajua. Baba alifumbua macho tulipogusa upande wa pili.

Kushuka ndiko kulikotushinda. Gari liliwaka, likapanda nusu ya mteremko, gari la mbele likasita nami choki nimeshaisukuma, likazima, na magari yote ya nyuma yakakwama kivukoni. Walitusukuma watu wengi, yule bibi naye, na kuku wake chini ya kwapa.

## Nyumbani kwa Mama Deusi

Nyumba yake iko mbele ya Nansio, unaingia kwa njia ya udongo katikati ya michungwa. Wanawake watatu wa umri mmoja walikuwa uani wakimenya muhogo. Gari lilizima lenyewe mlangoni. Baba akashuka na viatu vyake vipya, akasimama. Nilitambua shida yake mara moja. Walikuwa watatu, wote wazee, wote wamevaa khanga, na yeye hakujua ni yupi.

Alivua kofia. "Hamjambo hapa?"

Wawili wakajibu hatujambo. Baba hakusogea. Wa tatu, mwembamba, mwenye mwanya, alikuwa anamtazama huku kisu kimesimama kwenye muhogo.

"Kumbe u mrefu hivi!" akasema.

Uso wa Baba ulifunguka. Sina neno jingine. "Kwenye benchi tulikuwa tumekaa, Veronika," akamjibu, na yule mama akaanza kucheka, kicheko kile kile nilichokuwa nakisikia kikitoka kwenye simu kupitia ukuta wa sebule. Alifuta mikono kwenye khanga mara nyingi kuliko ilivyohitajika kabla ya kumpa Baba mkono.

Mwanawe, Deusi, alitoka nyuma ya nyumba. Ni mtu wa rika langu, kazi yake ni kutengeneza mashine za mitumbwi. Alitoa shikamoo kama mtu anayelipa ushuru, akakaa mbali. Chakula kililetwa, ugali wa muhogo na yule sato wa Lamadi, na Deusi akala huku akilitazama gari letu. Mwisho akainuka.

"Gari lenu lina nini?"

"Linazima kwenye sailensi," nikasema. "Ukivuta choki linakaa."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Linakaa?"

"Linakaa."

"Basi linavuta hewa mahali. Hewa ikizidi, mafuta yanakuwa machache. Choki inapunguza hewa, ndiyo maana. Njoo ukanyage mafuta, niangalie."

Basi nikakaa kwenye usukani, mguu kwenye mafuta, boneti imeinuliwa mbele yangu kama ukuta. Deusi na Baba walikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Siwaoni, nawasikia tu. Na mlango wa kushoto ukafunguka, Mama Deusi akaingia, akakaa kando yangu.

Injini ilikuwa inanguruma. Akapapasa kiti kwa kiganja.

"Mama yako alikuwa anakaa hapa?"

"Ndiyo, mama."

Akainuka. "Basi ngoja nihamie nyuma."

Alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Nilimshika khanga. "Kaa tu, mama," nikasema. "Kaa. Kiti hiki hakijakaliwa na mama muda mrefu."

Akarudi akakaa. Hakunishukuru wala hakunikumbatia. Alitoa mkono wake, mgumu na wenye unga wa muhogo kwenye kucha, akauweka juu ya wangu kwenye gia.

Huko mbele Deusi alikuwa ameomba maji ya sabuni. "Hapa chini ya kabureta," nilimsikia. "Mwaga kidogo kidogo, mzee. Angalia povu."

"Linanywewa!" akasema Baba.

Kweli injini ilibadilisha mlio. Povu lilikuwa limevutwa ndani, na kwa dakika ile tundu likazibika, na gari likanguruma taratibu bila mguu wangu. Gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzibia chini ya kabureta, ilikuwa imechanika. Yamkini ilikuwa imechoka siku nyingi, na kila kabureta ilipofunguliwa ikazidi kufa. Deusi akaniambia nizime.

Spana zililia kwa muda. Kisha nikasikia Deusi akisema, bila kuacha kazi, "Mzee, mama yangu hajawahi kulala nje ya kisiwa hiki, ila ule wakati wa macho. Wanangu wanalala kwake. Unataka kumpeleka mjini akakae na nani?"

"Na mimi," akasema Baba.

"Na akipakumbuka hapa, akitaka michungwa yake?"

Mkono wa Mama Deusi juu ya wangu ulikuwa umetulia. Na yeye anasikiliza.

"Sijui, mwanangu," akasema Baba. "Nilikuja nikijua nitakachosema. Sasa sijui. Nishikie hapo nikaze."

Gasketi mpya Deusi aliikata kwa kisu kwenye lile boksi la viatu. Akaipaka grisi, akarudisha kabureta, akalegeza ile skrubu iliyokazwa Nyakato. Nikawasha. Nikaondoa mguu. Gari likanguruma pole pole, sawasawa, mpaka sote wanne tukawa tunalisikiliza tu, kama watu wanaomwangalia mtoto aliyelala baada ya homa.

Jioni, mbele ya shemeji zake na jirani, Mama Deusi alijibu posa. "Nimekubali," akasema. "Lakini nitasema kweli mbele ya mwanangu. Gari nimelikalia, ni zuri. Kulipanda kwenda kuishi mjini, sitaweza. Anayenitaka anikute hapa."

Baba aliomba ruhusa, akanishika mkono tukatoka hadi kwenye michungwa. Jua lilikuwa bado lipo, na maji yalionekana pande zote mbili.

"Mayu, utaweza kulala peke yako nyumbani?"

"Nitaweza."

"Unasema kweli?"

"Hapana," nikasema. "Lakini nitaweza."

Akavuta pumzi ndefu, akatazama yale maji asiyoyapenda, kila upande. Kisha akacheka kidogo, akanifuta machozi kwa ile leso ya viatu, ikaniachia rangi shavuni, tukarudi ndani namna hiyo. Aliposema atabaki, Deusi ndiye aliyeinuka kwanza. Alimwambia, "Baba, utalala kwangu mpaka padri atangaze ndoa," na neno hilo, baba, likampita mdomoni bila yeye mwenyewe kushtuka.

## Kurudi

Siku ya kuondoka walinijazia gari machungwa mpaka likachuchumaa. Mama Deusi alinipa unga wa muhogo na maelekezo yake mara tatu. Baba alinisindikiza mpaka kivukoni. Tulikaa garini tukisubiri zamu, injini inanguruma yenyewe, na hatukuwa na la kusema kwa sababu kwa siku zote mbili tulikuwa tumezungumza kwa kupitia gari, na sasa gari halikuwa na shida.

"Ukifika," akasema, "usinipigie kuniuliza narudi lini. Nipigie kuniuliza nimekula nini."

Nikamwambia sawa. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akaupigapiga.

Lamadi nilisimama kumwambia yule mama. Alinikalisha tena kwenye ndoo, safari hii bila mawaidha, akanipa supu, na niliponyanyuka kulipa akawa amegeuka anapuliza moto. Igoma yule askari dada hakuwepo. Pasiansi niliingia mchana wa jua kali, na hapo ndipo mliponiona.

Jana Baba alikula dagaa wa nazi, na Deusi anamfundisha kutupa nyavu akiwa amesimama nchi kavu. Ndoa ni baada ya mavuno ya muhogo, na wote mmealikwa. Mimi naendelea vizuri. Usiku nyumba ni kimya, kama alivyosema yeye. Asubuhi nashona, jioni nasonga ugali, na kila jioni naukuta sufuriani umezidi, kwa sababu mkono wangu bado haujajua kusonga ugali wa mtu mmoja. Kwa hiyo msibishe hodi kwa sauti za chini. Njooni mle.